Kizimba cha Shira

Kila asubuhi Kornelia aliamka kabla ya mumewe. Aliwasha jiko, akachemsha chai ya maziwa, akachoma ndizi mbili. Kisha alimsaidia mumewe Mathew kuvaa shati. Mkono wa kushoto wa Mathew ulikuwa mzito, na mguu wa kushoto pia. Alikuwa amepata kiharusi mwaka uliopita.

Kabla ya hapo, Mathew alikuwa mpishi wa mlimani. Kwa miaka ishirini na miwili alipanda Kilimanjaro na vikundi vya wageni. Alipika supu mahali ambapo maji huganda ndani ya ndoo. Sasa alikaa sebuleni kwake, mtaa wa Shirimatunda, akisikiliza redio kutwa nzima. Hospitali walimwambia atembee kila siku. Hakutembea.

"Nitembee kwenda wapi?" alimwuliza mkewe. "Sina ninakokwenda."

Kornelia alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kilikuwa barabarani, mwendo wa dakika kumi. Aliondoka saa mbili asubuhi na kurudi saa nane mchana. Watoto wao wawili, Jesse na Kindness, walikuwa watu wazima na walifanya kazi Dar es Salaam. Kwa hiyo Mathew alishinda peke yake.

Siku moja ya Julai, Eliezeri alikuja kuwatembelea kutoka kwao Mkuu, Rombo. Yeye na Mathew walifanya kazi pamoja mlimani. Alileta mkungu wa ndizi na kikapu kilichofunikwa kwa khanga. Kikapu kilikuwa kinatikisika.

"Mwenzangu, nimekuletea rafiki," alisema Eliezeri.

Alifunua khanga. Ndani alikaa mtoto wa mbwa, jike, wa rangi ya kahawia. Alikuwa na umri wa wiki nane. Alipanda mapajani kwa Mathew, akamlamba kidevu.

Mathew alicheka kwa sauti. Kornelia hakuwa amesikia kicheko hicho kwa miezi mingi.

"Tutamwita Shira," alisema Mathew. "Kama ule uwanda wa Shira, kule juu mlimani."

"Lakini mbwa hulala nje," alisema Kornelia.

"Akikua atalala nje, Mama Jesse. Sasa bado ni mtoto. Na baridi hii ya Julai itamuua."

Kornelia alitazama uso wa mumewe. Akakubali.

Taabu ilianza siku ileile. Shira alikojoa karibu na kiti cha Mathew. Baadaye alikojoa chini ya meza. Kesho yake alikunya juu ya kitambaa cheupe ambacho Kornelia alikuwa amekikata kwa gauni la kipaimara.

Kornelia alikasirika sana. Alimshika Shira shingoni, akamkandamiza pua kwenye uchafu, akampiga kofi.

"Unaona ulichofanya? Unaona?"

Shira hakuelewa. Alielewa tu kwamba mama huyu anapiga. Tangu siku hiyo alijificha nyuma ya kochi kila alipotaka kukojoa. Nyumba ilianza kunuka, na Kornelia hakujua harufu inatoka wapi.

Siku ya tisa, Kornelia alirudi kutoka kazini saa nane kama kawaida. Alibisha hodi. Hakujibiwa. Alifungua mlango.

Mathew alikuwa amelala sakafuni. Fimbo yake ilikuwa mbali, karibu na ukuta. Sakafu ya saruji ilikuwa na mkojo. Shira alikuwa amelala kando yake, kichwa juu ya kifua cha Mathew.

"Baba Jesse!" alipiga kelele Kornelia.

"Niko sawa," alisema Mathew. "Niliteleza. Nilishindwa kuinuka, basi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu taarifa ya habari ya saa saba."

Kornelia alimwinua taratibu. Hakuwa amevunjika, lakini kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba na paji la uso lilikuwa na nundu. Kornelia alimkanda kwa maji ya moto huku machozi yakimtoka.

"Huyu mbwa anarudi Rombo," alisema. "Nampigia Eliezeri simu sasa hivi."

Mathew alimtazama Shira. Kisha akasema, "Pale chini nilikaa saa nzima. Hakuniacha hata dakika moja."

"Na ni nani aliyekuangusha? Si yeye?"

Kornelia alipiga simu. Eliezeri alisema atakuja kumchukua Jumamosi.

Jioni hiyo Violet alikuja kumpa Mathew pole. Violet alikuwa jirani yao na mtaalamu wa mifugo. Alizunguka vijijini kwa pikipiki, akichanja kuku na kutibu ng'ombe.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alijibu Kornelia. "Jumamosi mbwa anaondoka. Tumechoka."

Violet alimtazama Shira, aliyekuwa amejikunja chini ya kiti. "Huwa mnamtoa nje saa ngapi?"

"Hatumtoi. Mlango ukiwa wazi, anatoka mwenyewe."

"Na akichafua ndani, mnafanya nini?"

"Nampiga. Namnusisha uchafu wake."

"Mama, umpigapo, hajui kosa ni mkojo," alisema Violet kwa upole. "Anajua tu kwamba wewe ni hatari. Ndiyo maana anajificha. Hana ukaidi huyu. Hajafundishwa."

"Mbwa naye anafundishwa choo?"

"Anafundishwa kama mtoto. Anahitaji kizimba."

Kornelia alishtuka. "Tumfungie kama kuku? Hiyo si jela?"

"Ingekuwa jela kama tungemfungia kwa kumwadhibu, au kutwa nzima. Kizimba ni chumba chake cha kulala. Mbwa hapendi kuchafua mahali anapolala. Akiwa kizimbani, anajizuia kidogo. Mkimtoa, mnampeleka nje moja kwa moja, kabla hajagusa pengine. Akijisaidia nje, mnamsifu palepale. Akirudia hivyo siku nyingi, anaelewa kwamba choo ni nje."

"Atajizuia kwa muda gani?" aliuliza Mathew.

"Kwa umri wake, mchana ni kama saa mbili tu, wala si zaidi. Na lazima atoke kila akiamka, kila akimaliza kula, na kila akimaliza kucheza."

Kornelia alitikisa kichwa. "Mimi niko kazini hadi saa nane. Nani atamtoa?"

Mathew aliinua mkono wake wa kulia.

"Mimi," alisema Mathew.

"Wewe? Leo umeanguka!"

"Niliteleza kwenye mkojo, Mama Jesse. Akijifunza, sakafu itakuwa kavu."

Violet hakutaka kuingilia mambo ya mume na mke. Alisema tu, "Kizimba kikiwekwa karibu na mlango, hatua hazitakuwa nyingi. Na pale barazani fundi anaweza kupigilia mbao ya kushikilia. Mjaribu wiki tatu, mama. Mkishindwa, mimi mwenyewe nitampeleka Rombo."

Kornelia alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kisha alimpigia Eliezeri na kumwambia asubiri.

Kesho yake alikwenda kwa Gidioni, seremala wa jirani. Violet alikuwa amesema kizimba kimtoshe Shira kusimama bila kuinama, kugeuka na kulala akijinyoosha. Lakini Kornelia aliwaza moyoni, "Mbwa anakua haraka. Kwa nini nitengeneze mara mbili?" Akaagiza kikubwa.

Gidioni alikitengeneza kwa mabaki ya mbao. Aliacha nafasi kati ya mbao ili hewa ipite, akaweka mlango wa wavu. Kisha alipigilia mbao ndefu ya kushikilia, kuanzia mlangoni hadi mwisho wa baraza.

Siku ya kwanza hawakufunga mlango wa kizimba. Walitandika blanketi kuukuu na kuweka bakuli la chakula ndani. Shira alinusa, akaogopa, akarudi nyuma. Mathew alitupa dagaa mmoja ndani. Shira aliingia, akamla, akatoka mbio. Dagaa wa tatu, alibaki ndani.

Kesho yake walifunga mlango kwa dakika tano, Mathew akiwa amekaa karibu. Kisha dakika kumi. Kisha nusu saa. Shira alilia.

"Nimfungulie?" Mathew alimwuliza Violet kwa simu.

"Ametoka nje sasa hivi?"

"Ndiyo, amekojoa."

"Basi anataka kubembelezwa tu. Subiri anyamaze kidogo, halafu mfungulie. Ukimfungulia akilia, atajua kwamba kilio ni ufunguo. Lakini kama hajatoka muda mrefu, mtoe haraka, maana huenda amebanwa."

Mathew alisubiri. Shira alinyamaza, akalala.

Hata hivyo, siku ya tatu Kornelia alikuta mkojo ndani ya kizimba, kwenye kona ya nyuma. Shira alikuwa amelala mbele, pakavu. Kornelia alimwita Violet.

"Umeona? Ulisema mbwa hachafui anapolala!"

Violet alichungulia, akacheka. "Mama, hapa mmempa chumba na choo chake. Kikubwa mno! Analala huku, anakojoa kule."

Kornelia naye alicheka, ingawa hakutaka. Gidioni alikuja na ubao, akaugawa ule uwazi katikati. Ubao ungesogezwa kidogokidogo kadiri Shira alivyokua.

Kabla ya kuondoka, Violet aliwafundisha kusafisha. Walisogeza kochi na kuosha kila mahali kwa maji ya sabuni. Kisha walifuta kwa siki iliyochanganywa na maji. "Harufu ikibaki, atarudi palepale," alisema. "Pua yake inashinda yenu."

Sasa Mathew alikuwa na kazi. Aliandika ratiba kwa kalamu nene na kuibandika ukutani. Mlimani alikuwa amezoea kuamsha kambi nzima kwa saa, kwa hiyo hakuona ugumu. Saa ilipofika, alishika fimbo, akafungua mlango wa wavu, akamfunga Shira kamba fupi.

"Haya, Shira. Nje!"

Walitembea polepole. Mkono mmoja wa Mathew ulishika mbao ya barazani. Walikwenda mahali palepale kila mara, chini ya mgomba wa kwanza karibu na baraza. Mathew alisimama kimya na kusubiri. Shira alizunguka, akanusa, akachuchumaa.

"Vizuri! Vizuri sana, Shira!" Alimpa kipande cha dagaa.

Walifanya hivyo mara sita au saba kwa siku. Kornelia alimtoa alfajiri na kabla ya kulala.

Wiki ya pili Shira alisahau. Alianza kukojoa karibu na meza. Mathew hakumpiga. Alipiga makofi mara moja, akasema, "Nje!" Alimwongoza hadi kwenye mgomba. Shira alimalizia pale, akasifiwa. Kornelia alifuta sakafu na kutia siki. Kisha alimpapasa Shira kichwani alipopita. Shira hakukimbia.

Wiki ya tatu ilipita bila mkojo ndani. Hakuna aliyekumbuka kumwuliza Violet kuhusu safari ya Rombo.

Shira alipotimiza miezi mitatu, Violet alikuja kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Alimpa pia dawa ya minyoo. "Usafi peke yake hautoshi," aliwaambia. "Mbwa anayeishi na watu lazima achanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka."

Mwezi wa Septemba Mathew alikwenda kliniki. Mhudumu wa mazoezi alimtazama akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Alimwomba arudie.

"Mzee, unafanya mazoezi gani siku hizi?"

"Hakuna," alijibu Mathew. "Nafuga mbwa tu."

Mhudumu alidhani ni mzaha. Kornelia alimweleza habari za kizimba, ratiba na mgomba. Mhudumu alicheka, kisha akaandika maneno mengi kwenye faili.

Desemba ilifika. Kama ilivyo desturi ya huku, waliokuwa mbali walirudi nyumbani kwa Krismasi. Jesse alikuja na mkewe, Loveness. Kindness alikuja na watoto wake. Baada ya misa wote walijaa sebuleni. Magodoro yalikuwa yamepangwa ukutani, mabegi yako chini, na watoto wanatambaa kila mahali. Kornelia aliandaa machalari ya ndizi na nyama kwenye sufuria kubwa.

Jesse aliona kizimba karibu na mlango. Mlango wake wa wavu ulikuwa umeshaondolewa, na ule ubao pia. Ndani yake Shira, sasa mbwa mkubwa, alikuwa amelala mwenyewe akitazama watu.

"Mama, mbwa ndani? Wewe?" Jesse alishangaa. "Na hakuna hata harufu!"

"Uliza baba yako," alisema Kornelia.

Chakula kilikuwa kinapakuliwa Shira alipoinuka. Alikwenda mlangoni, akaukwaruza mlango kwa mguu mara mbili, akageuka kumtazama Mathew.

Jesse aliruka kutoka kwenye kiti. "Kaa, baba. Mimi nitamtoa."

Mathew alikuwa amekwisha kusimama. "Kaa wewe," alisema. "Umechoka na safari."

Alichukua fimbo. Alipita kati ya mabegi na magodoro, hatua kwa hatua. Wote walimwangalia. Alifungua mlango, akatoka na mbwa wake.

Dakika tano zilipita. Kisha kumi. Jesse alichungulia dirishani.

"Mama, hawapo chini ya mgomba! Wamepita geti!"

Kornelia alifunika sahani ya mumewe ili chakula kisipoe.

"Kuleni tu," alisema. "Wale wakienda, hawana haraka ya kurudi."