Maji ya Mwisho

Mwaka ulikuwa elfu mbili na kumi na saba, na kiangazi kilikuwa kimepita muda wake wa kawaida kwa mwezi mzima. Maji ya bomba yalifika mtaani Jumanne na Ijumaa tu, na hata siku hizo yalikuja kwa kusuasua, kama mgeni asiyetaka kukaa. Ndipo dobi mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, alipoingia katika duka la vifaa vya ujenzi saa sita mchana, likiwa limefurika watu, akaagiza kitu ambacho muuzaji hakuwahi kuagizwa.

"Nataka mapipa mawili, la buluu na jeusi. Kila moja litobolewe tundu la bomba. Si chini kabisa, bali kiganja kimoja juu ya kitako."

"Dada, maji yatakayobaki chini ya bomba utayatoaje?"

"Sitaki yatoke. Huko chini ndiko taka zitakakotuama."

Nyuma yake alisimama fundi bomba, mwanamume mrefu mwenye penseli sikioni na shati la kaki ambalo kola yake ilikuwa imechakaa lakini safi. Dobi aliiona kola kwanza. Hayo ndiyo macho ya kazi yake. Fundi naye aliona gauni la pamba la rangi ya zafarani, lisilo na kunjo hata moja.

"Samahani, dada. Si tabia yangu kusikiliza mazungumzo ya watu, lakini hizo ni taka za nini?"

"Na kuuliza maswali ni tabia yako?"

"Hiyo ndiyo yenyewe."

Dobi alikusudia kumkata kauli, lakini mtu yule aliuliza kama anayetaka kujua kweli. Akamweleza kwamba wiki iliyopita aliangusha ufunguo wa duka lake la udobi ndani ya beseni la kusuuzia nguo mara ya tatu, akauona waziwazi kwenye kitako cha beseni, hadi meno yake. Tangu hapo hakupata raha. Kama maji yale yalikuwa meupe kiasi hicho, kwa nini alikuwa akiyamwaga mtaroni, kisha anapanga foleni kutafuta mengine ya kuanzia kufua?

Fundi alihesabu kwa vidole. "Unasuuza mara ngapi kwa siku?"

"Hapo sasa umeuliza swali la maana," alisema dobi, na bila kujijua akacheka.

Mapipa yalibebwa na fundi hadi uani kwa dobi. Siku iliyofuata alirudi kuona kama yamekaa sawa, na siku ya tatu kuona kama yameendelea kukaa sawa. Shangazi yake dobi, dada wa marehemu baba yake, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisini kabla ya kustaafu na sasa akishika pasi ya duka, alimtazama kutoka dirishani.

"Mwanangu, hayo mapipa yana miguu?"

"Hapana, shangazi."

"Basi anakuja kuangalia kisichokimbia."

Wiki tatu zilipita hivyo. Nyumba na duka, vilivyotenganishwa na mlango mmoja tu, vilianza kubadilika kidogo kidogo, si kwa amri bali kwa udadisi. Shangazi aligundua kwamba pasi ikikusanyiwa nguo zote za asubuhi hupashwa moto mara moja badala ya mara sita. Mashuka yaliyochakaa yalishonwa mifuko ya kurudishia nguo za wateja, na mifuko ya nailoni ikaondolewa kaunta. Mama mwenye mgahawa wa jirani, aliyesahau mfuko wake mara mbili, alibeba vitambaa vyake vya meza begani mbele ya watu. Mara ya tatu hakusahau. Maji ya sabuni yalichotwa kwa ndoo kutoka pipa jeusi, yakapitishwa kwenye mchanga na kokoto, yakamwagiliwa migomba miwili ya uani, nayo ikaanza kuchipua majani mapya.

Jioni moja simu iliita dobi akiwa anakunja mataulo.

"Haloo, dobi wangu."

"Wangu tangu lini?"

"Tangu saa nne asubuhi. Ulikuwa na wateja, sikutaka kukukatiza nikutaarifu."

Dobi aliuma mdomo asicheke. "Sema ulichopigia."

"Nimepima. Nikipiga mswaki huku bomba likiwa wazi, ninamwaga nusu ndoo. Kikombe kimoja kinatosha. Miaka thelathini na mitano, mpenzi, na hakuna aliyeniambia."

"Wa kukuambia alikuwa hajafika."

"Hebu rudia hapo."

"Salio linaisha."

"Aliyepiga ni mimi."

Dobi alikata simu, mashavu yakimchoma. Shangazi alikuwa na masikio mazima kuliko magoti. Aliiweka tu pasi juu ya kibao chake cha chuma na kuguna.

Ikabaki kazi moja: kuunganisha mapipa kwa mabomba, ili kazi ya ndoo ikome. Alhamisi fundi alipopanga kuja, dobi alikuwa na nguo za kupeleka kwa wateja mchana kutwa. Akabandika karatasi ukutani juu ya mapipa, kwa herufi kubwa: PIPA LA BULUU, MAJI YA MWISHO. PIPA JEUSI, MAJI YA KWANZA. Fundi, ambaye hakuwahi kuona ndoo zikichotwa, alifika, akaisoma, akafanya kazi safi isiyovuja hata tone, akaondoka na kumtumia ujumbe: "Kesho fungua bomba tu, kipenzi. Mgongo wako upumzike."

Ijumaa asubuhi dobi aliingiza kwenye karai kubwa makoti meupe ishirini ya wauguzi wa zahanati, kazi iliyokuwa uti wa mgongo wa duka lake, akafungua bomba, akakimbilia kaunta kupokea wateja. Aliporudi, makoti yalikuwa na rangi ya anga linalotaka kunyesha. Maji yaliyoingia karaini yalitoka pipa jeusi, yenye sabuni iliyokwisha kazi na rangi ya mapazia mapya aliyoyafua juzi. Yale meupe ya pipa la buluu yalikuwa yameelekezwa kwenye migomba.

Fundi alifika dakika hiyohiyo, mikono mfukoni, akitabasamu kama mtu anayekuja kupongezwa. Kaunta ilikuwa na watu saba, akiwemo mama wa mgahawa.

"Umefanya nini?" dobi alimuuliza, akiinua koti moja lililokuwa likichuruzika. "Wauguzi wanayataka Jumatatu. Nimekupa kazi moja, ukaigeuza kichwa chini miguu juu."

Fundi aliliangalia koti, akaangalia uani, mahali ilipobandikwa karatasi. Uso wake ulibadilika mara moja, kama wa mtu aliyekumbuka jambo, kisha akatulia.

"Nipe hayo makoti," alisema kwa upole.

"Nikupe uyamalizie? Wewe ni fundi wa kubahatisha. Mikono inajua, kichwa hakipo."

Mtu mmoja kaunta alicheka. Fundi aliyakusanya makoti yote ishirini, yakiwa bado yanachuruzika, akayapakia kwenye mkokoteni wake, akaenda zake.

Siku ile simu haikuita. Jumamosi haikuita. Dobi alijiambia kwamba ni heri, akajiambia tena, na mara ya tatu hakujisadiki.

Jumapili mchana, dobi akiwa kanisani, fundi alifika akamkabidhi shangazi kifurushi. Hakukaa hata kunywa maji. Dobi aliporudi alikuta makoti ishirini yamekunjwa vibaya, kwa mkono wa mtu asiyezoea kukunja, lakini ni meupe kiasi cha kuumiza macho, na yanatoa harufu ya limau na jua.

"Amesema hakuyaacha yakauke hata mara moja kabla rangi haijatoka," alisema shangazi. "Ameyaloweka usiku kucha, akayatandaza juu ya paa la dada yake, akiyanyunyizia maji ya limau kila yakitaka kukauka. Dawa kali hakutia. Amesema ungeikataa, kwa ajili ya migomba."

Dobi alitoka kwenda uani, akaibandua ile karatasi ukutani, akataka kuikunjakunja.

"Lete hapa," alisema shangazi. "Upande wa pili mweupe, nitaandikia mahitaji ya jikoni." Akavaa miwani, akaigeuza, akasoma upande ulioandikwa. Akasoma tena. "Nani aliandika hivi?"

"Mimi."

"Maji ya mwisho. Mwisho wa nini?"

"Wa kusuuza, shangazi. Yale meupe ya kurudia kufulia."

"Hayo uliyajua wewe. Kwa fundi bomba, maji ya kwanza ni yanayoingia na ya mwisho ni yanayotupwa. Ameelekeza ya mwisho bustanini na ya kwanza karaini, kama ulivyomwandikia. Miaka ishirini na saba nilipiga barua za mabwana waliokula nusu ya sentensi, kisha wakamlaumu msomaji kwa njaa yao. Sikutarajia kumlea mwingine."

Dobi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamkumbuka fundi alivyotazama ukutani. Alijua. Angeweza kunyoosha kidole tu, na watu saba wangeisoma karatasi na kumcheka yeye. Hakunyoosha.

"Tena," aliendelea shangazi, asiyependa kumaliza nusu, "mama wa mgahawa amemwondoa kwenye kazi ya mabomba ya jiko lake jipya. Kasema kama wewe mwenyewe umemwita fundi wa kubahatisha, yeye nani hata akubishie."

Jumatatu, makoti yalipokwisha kufika zahanati, dobi alivaa gauni la kijani alilolitunza kwa sherehe, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Mgahawani," ilijibu sauti ya uchovu. "Nakusanya vifaa vyangu. Kuna nini?"

"Usitoke."

Mgahawa ulikuwa umejaa walaji wa chakula cha mchana, vijiko vikigonga sahani. Fundi alikuwa amesimama karibu na jiko, mfuko wa vifaa begani. Dobi hakumwendea. Alikwenda moja kwa moja hadi katikati ya meza, mbele ya mama wa mgahawa, akaiinua karatasi.

"Mama, shikamoo. Naomba uisome hii kwa sauti."

"Marahaba, mwanangu." Mama alisoma, walaji wakainua vichwa mmoja mmoja. "Sasa hii ni nini?"

"Ni mwandiko wangu. Fundi aliufuata neno kwa neno. Aliyekosea ni mimi: niliandika nusu ya nililolifikiri. Ijumaa nilimwita fundi wa kubahatisha, naye alikuwa ameuona ukweli ukutani na akanisitiri. Neno lile nalirudisha mdomoni mwangu. Hakuna fundi ninayemwamini zaidi ya huyu."

Mama wa mgahawa alimtazama fundi, akatazama mfuko ulio begani mwake. "Utue basi, baba. Sinki haliwezi kujifunga lenyewe."

Fundi aliutua mfuko polepole. Akamsogelea dobi, akasema kwa sauti ya chini, "Haikuwa lazima mbele ya watu, laazizi. Ungenipigia simu tu."

"Nilikuvunjia heshima mbele ya watu saba," alisema dobi. Machozi yalimlenga, lakini hakuyafuta. Aligeuka, akawahesabu walioketi, meza kwa meza, kwa kidole, bila haraka. "Hapa wako kumi na tisa."

"Kumi na wawili wamezidi."

"Hao ni riba yako. Deni nimelichelewesha siku tatu."