Barafu za Saida kwenye Sanduku la Samaki

Kila alipotoka shule, Saida alivua sare, akaosha beseni za mama yake, kisha akaenda kupanga samaki kwenye sanduku la baridi. Sanduku hilo liliendeshwa kwa umeme wa jua. Lilikuwa mali ya akina mama wauza samaki wa Mbegani, na mama yake, Bimdogo, alikuwa mwenyekiti wao.

Kidhibiti cha baridi kilifungwa na Najim, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akikifanyia utafiti. Ndani ya sanduku alining'iniza kipimajoto kidogo kwenye ncha ya waya.

"Hiki ndicho kinachotoa taarifa," aliwaeleza. "Kikisema kuna joto, kidhibiti kinawasha mashine. Kikisema baridi inatosha, kinaizima. Msikiguse, na humu msitie kitu kingine zaidi ya samaki."

Saida alisikia vizuri sana, ila alijifanya hamnazo. Jirani alikuwa amempa barafu za ubuyu akauze shuleni, na nyumbani kwao hakukuwa na friji. Jioni, baada ya samaki wabichi kupangwa, alizisokomeza barafu pembeni kabisa, kwenye ule waya, mahali ambapo mama yake hachunguzi. Alfajiri alizichomoa haraka haraka, zikiwa zimeanza kulainika, bila hata kuwatazama samaki, akazitia kwenye begi.

Muda mfupi baadaye Bimdogo alifungua kifuniko. Harufu ilimpiga usoni. Samaki wote walikuwa wamelegea, wameoza, na mteja wa hoteli alikuwa njiani. Bimdogo alipiga kelele mpaka wenzake wakaja mbio, na Najim akaitwa.

"Fungua mitambo yako uondoke!" alifoka Bimdogo. "Umekuja kujifunzia kazi kwenye riziki zetu?"

"Mama, kidhibiti ni kizima. Kimepokea taarifa ya baridi usiku kucha."

"Baridi ipi? Hii?" Bimdogo alimtupia samaki miguuni.

Najim alikunja uso. Alichukua bisibisi, akaanza kulegeza skrubu. Utafiti wake wote ulikuwa humo, na wale akina mama walikuwa wakimzomea kama mwizi.

Saida alisimama mlangoni na begi lake. Angeweza kwenda zake shule. Wala hakuna aliyekuwa akimtazama. Lakini skrubu ya pili ilipodondoka chini, aliona aibu kubwa, akalifungua begi.

"Mama, ni mimi. Niliweka barafu zangu humo, kwenye waya."

Najim aliitupa bisibisi. "Kumbe! Kipimajoto kimelala katikati ya barafu! Kimetoa habari za barafu, si za samaki. Kidhibiti kikaamini, kikaizima mashine. Saida, si nilikwambia? Si nilikwambia kwa mdomo wangu huu?"

"Uliniambia, kaka. Nisamehe."

"Sijui kama naweza leo," alijibu Najim, akageuka.

Siku ile Saida hakwenda shule. Aliwafukia samaki wote kwa mikono yake, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza akina mama alichofanya. Wengine walimkaripia hadi akalia. Najim alikaza upya skrubu zake na kukizungushia kipimajoto kizimba cha waya, kitu kisikiguse tena. Jioni mashine iliwaka na kuzima kama kawaida, na Bimdogo akamwomba radhi Najim mbele ya watu wote.

Kisha alimgeukia binti yake. Alikuwa bado na hasira, wala hakuificha.

"Lile sanduku halina macho, Saida. Linatenda kwa taarifa linayopewa. Na mimi ni vivyo hivyo. Ulininyima ukweli, nikamtukana mtoto wa watu na kumfukuza. Samaki tutapata wengine. Yale maneno niliyomwambia Najim, nitayarudishaje kinywani?"