Chuma Kinene cha Gharibu

Vyungu vya Mwajabu vilikuwa vinavunjika garini. Safari ya kwanza vilivunjika sita. Safari ya pili, saba. Ijumaa alitakiwa kufikisha vyungu ishirini Kibondo, kwenye harusi ya mdogo wake.

"Nitavibeba kichwani toka hapa Kasulu," alimwambia mumewe, Gharibu. "Kichwa changu hakirukiruki."

"Mama Kudra, gari nimelitengeneza mwenyewe!"

"Hicho ndicho ninachoogopa, Baba Kudra."

Zamani pikapu ya Gharibu ililalia upande kila kona. Akachungulia chini, akaona stebilaiza, kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Akakiona chembamba. Akampelekea mhunzi ekseli ya lori bovu, amfulie kingine kinene. Gari likaacha kulala. Vyungu vikaanza kuvunjika.

Wakaenda kwa fundi Stanislaus. Fundi aliingia chini ya gari, akacheka mpaka miguu ikatikisika.

"Mzee Gharibu, hiki umefunga cha garimoshi?"

Akatoka, akakunja waya kama mkono wa ndoo. Akaushika katikati.

"Shemeji, shika ncha hii. Mzee, shika ile, uinue."

Gharibu akainua. Waya ukajisokota. Mkono wa Mwajabu ulisogea kidogo tu. Fundi akaleta nondo iliyokunjwa vilevile, akaishika katikati. Gharibu akainua tena. Safari hii mkono wa Mwajabu ukapanda juu.

"Yeye kainua, mbona mimi napanda?" Mwajabu aliuliza.

"Ndivyo gari lenu linavyofanya. Gurudumu moja likikanyaga jiwe, chuma kinene kinalivuta na la pili. Gari zima linaruka. Konani kinasaidia, kwenye mashimo kinavunja."

"Lakini unene nimeongeza mara mbili tu," Gharibu alisema.

"Mara mbili tu! Unene ukiwa mara mbili, ugumu wa kukisokota unakuwa mara kumi na sita. Tena mhunzi kafupisha mikono ya chuma, hizi ncha zilizokunjwa. Mkono mfupi unazidisha ugumu."

"Basi gari lirudi kulala?"

"Wembamba haukuwa na kosa. Mipira inayokishikilia kile cha zamani ilikwisha, kikawa kinacheza bila kushika. Kiko wapi?"

Gharibu akatazama pembeni. Mwajabu akajibu, "Kimezuia mlango wa banda la kuku."

Wakakileta. Stanislaus akakifunga kwa mipira mipya.

Ijumaa wakaondoka na vyungu ishirini. Konani gari liliinama kidogo, likajiinua. Kwenye mashimo ya Murungu, njiani, kila gurudumu lilipanda na kushuka lenyewe. Kibondo, Mwajabu alihesabu mara mbili. Vyote vizima. Akampiga mumewe begani, akacheka.

Somo hilo liliwagharimu vyungu kumi na tatu, mipira minne, ekseli moja, na jogoo aliyetoroka siku chuma kilipoondolewa mlangoni.