Mbofyo Usio na Kidole

Mkono wake ulikuwa kwenye kikombe cha chai, si kwenye kipanya, pale kompyuta ilipoandika kwamba amebofya.

Fundi, kama walivyomwita ofisini, hakushtuka, alidhani ni hitilafu. Kazi yake ilikuwa kutega vichochezi kwenye tovuti za wateja. Mtu akibofya kitufe, kichochezi kinaamka na kuiamsha lebo, kijiprogramu kidogo, nayo lebo inapeleka habari kwamba pamebofywa. Ni kama kumfunga mbwa mlangoni ili abweke mtu akigonga. Siku hiyo alikuwa anatega kimoja kwenye tovuti ya kampuni ya kuuza nyumba, kwa ajili ya kitufe cha "Tupigie". Kwa haraka alikiacha kisikilize mibofyo yote, popote itakapoangukia. Lakini huo ulikuwa ukurasa wa majaribio, haukuonekana na mtu ila yeye.

Mbofyo mwingine. Safari hii alitazama umeangukia wapi. Haukugusa kitufe. Uliangukia kwenye picha ya nyumba, kwenye dirisha la ghorofani.

Picha hiyo aliipiga wifi yake, dada wa mumewe, mpiga picha wa ofisi. Walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu siku ya harusi.

"Wifi, hebu njoo."

"Kama ni kunikosoa, niandikie."

"Njoo, nakuomba. Siku ile kulikuwa na mtu kwenye dirisha hili?"

Wifi alikuja akiburuta viatu, mdomo kaubetua tayari. Akainama kwenye skrini.

"Umeichezea picha yangu," alinong'ona. "Upande ule hauna dirisha. Ni ukuta mtupu. Nilisimama roshani, nikaugonga kwa mkono wangu huu."

"Uligonga ukuta? Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kuna kitu kiligonga kwanza, kutoka ndani. Nikadhani fundi bomba. Nikamgongea na mimi, utani tu."

Nje mvua ilianza, na chumba kikaingia giza la mchana. Harufu ikapanda, ya nywele zinazoungua. Kwenye skrini mibofyo ikaanza kufuatana, tk, tk, tk, yote pale dirishani. Kila mmoja ulikuja na nafasi ya maandishi ya kilichobofywa, na kila nafasi ilikuwa tupu. Mara haikuwa tupu tena. Iliandikwa: TINDA.

Fundi hakujua maana yake. Wifi alijua. Alikuwa kitinda mimba, na aliyemwita hivyo alikuwa mama yake peke yake, naye amekwisha kuzikwa.

"Abee, mama," Wifi aliitika, machozi yakimlenga.

Ndipo shingo yake ilipokakamaa, macho yakageuka meupe, ulimi ukaanza kugonga kaakaa, tk, tk, na kila ulipogonga skrini iliandika mbofyo, na kila skrini ilipoandika mbofyo yeye alitikisika kama mtu anayevutwa kwa kamba kutoka upande wa pili wa ukuta, huku ile harufu ikimtoka kinywani na vidole vyake vikikwaruza rangi ya ukuta hadi kucha zikapasuka, na Fundi, aliyewahi kumwombea mwanamke huyu kila baya, alijikuta amemkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, akilia, "Mwachie! Mwachie wifi yangu!"

Sauti iliyomjibu kutoka kinywani mwa Wifi ilikuwa nzito na ya dharau. "Umenifungulia wewe. Sasa unalia nini?"

Fundi alimpigia simu shangazi yao wa upande wa mume, mwanamke aliyejulikana kwa kutoa majini. Alifika amelowa chapachapa, kitambaa cha ubani kifuani. Hakuwasha ubani kwanza. Aliitazama skrini, akauliza hicho kinachohesabu ni nini. Fundi akamweleza kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo kikigonga, chombo chako kinaitika?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mwanangu, jini halitaki mlango. Linataka kuitikiwa tu. Huyu kaliitikia ukutani, wewe ukaweka kitu cha kuliitikia bila kuchoka. Kiue."

Fundi alikizima kichochezi, huku shangazi amemshika Wifi kichwani, akisoma, moshi wa ubani ukijaa chumba. Ile sauti ilitukana, ikabembeleza, ikapiga ukelele uliopasua kioo cha saa ya ukutani. Kisha kimya. Wifi akaanguka mapajani mwa Fundi, akafumbua macho.

"Wifi," alisema kwa shida, "usiniache."

"Nikuache niende wapi?"

Mlango ukasukumwa. Meneja aliingia akipepea moshi kwa mkono.

"Nani amekizima kichochezi? Mteja anaangalia nami hesabu kutoka ofisini kwake, mibofyo ilikuwa inapanda kama moto wa nyika, na nyie mnachoma uvumba! Hapa ni kazini, si kilinge."

"Bosi, usikirudishe. Angalia wifi yangu alivyo."

"Baba, nakusihi," shangazi alisema. "Ukisikia unaitwa na usiyemwona, usiitike."

"Mama, toka ofisini kwangu." Alikaa kwenye kiti cha Fundi, akakirudisha kichochezi, akabofya "Chapisha" ili kiingie kwenye tovuti inayoonwa na kila mtu, akaegemea nyuma kama mshindi. "Mnaona? Kuna nini cha—"

Sauti ikamkatika. Aligeuza uso taratibu kuelekea ukutani, kama mtu aliyeitwa na mpenzi wake. Shangazi aliruka kumziba mdomo kwa kiganja, lakini hakuwahi.

"Naam?" meneja alisema, kwa upole ambao hawakuwahi kuusikia kwake. "Naam. Pita ndani."