Mto Wenye Tundu

Fundi cherehani hakutulia. Akishona gauni la mteja, moyo uko chumbani kwa baba yake. Akienda chumbani, moyo uko kwenye gauni. Tangu mzee apooze upande mmoja, yeye ndiye alikuwa akimlisha, akimwogesha na kumfulia.

Siku moja, akibadilisha shuka, aliona doa jekundu kwenye nyonga ya baba. Fundi ni fundi bwana! Alikata kitambaa, akajaza sufi, akashona mto wa duara wenye tundu katikati. Doa likae tunduni, lisiguse kitanda. Akalisugua kwa mafuta, akamlaza mzee juu ya mto. Akajisifu, kidogo tu.

Siku ya nne doa likawa kidonda. Lo! Alishikwa na hofu. Kaka yake akasema kwenye simu kwamba mzee apelekwe hospitali ya mbali akalazwe, maana nyumbani wameshindwa. Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa mzee hakutaka kabisa kuondoka nyumbani kwake. Jirani ndiye aliyemwambia kuwa zahanati ina muuguzi anayezunguka majumbani kuwatunza wazee. Nenda kamwandikishe mzee, jirani alisema, kuuliza si ujinga.

Muuguzi alikuja kesho yake, mkoba begani. Alikitazama kidonda, kisha akautazama mto.

"Nani kashona?"

"Mimi," fundi alijibu.

"Umeshona vizuri, dada. Lakini mto huu ndio unaomuumiza. Ukingo wake unabana, damu haifiki pale katikati. Na ngozi ikiwa nyekundu haisuguliwi, inaharibika zaidi."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Muuguzi hakumlaumu, alimwonyesha tu. Mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili. Mto wa kawaida uwekwe mgongoni, na mwingine kati ya magoti. Shuka liwe kavu, lisiwe na mikunjo. Mzee ale mayai na maharage, anywe maji. Muuguzi mwenyewe angekuja mara mbili kwa wiki kusafisha kidonda. Kikitoa usaha, au homa ikipanda, wasingoje siku yake, waende zahanati mara moja. Jirani naye alifundishwa kumgeuza mzee, ili washike zamu.

Kisha muuguzi akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Alimwinamia mzee, akamuuliza yeye.

"Baba, panauma?"

"Panauma siku nyingi," mzee alisema polepole. "Kabla hata ya hilo doa. Nilinyamaza. Mwanangu ana kazi nyingi."

Fundi akalia pale pale, bila aibu.

"Kunyamaza kwako ndiko kunamwongezea kazi," muuguzi alimwambia mzee. "Pakiuma, sema."

Baada ya wiki saba kidonda kilifunga. Fundi bado hatulii, saa ya ukutani anaitazama kuliko sindano. Mzee naye ameshika agizo la muuguzi kwa mikono miwili. Shuka likijikunja, anasema. Chai ikipoa, anasema. Jirani akichelewa zamu dakika tano, anasema mpaka mtaa unasikia, na fundi anacheka huku anakimbia.

Juzi kaka alipiga tena simu kuulizia habari ya hospitali. Fundi akampelekea baba simu kitandani.

"Siendi," mzee alisema. "Na unipigie baadaye, mwanangu. Muda wangu wa kugeuzwa umefika."