Jiwe Lililobaki Tupu

Soko la Benaco lilifurika watu siku hiyo. Malori ya mpakani yalipiga honi, wauza vitunguu wakapigana vikumbo na wauza mitumba. Eustakia, fundi cherehani wa Nyamiaga, alikuja kutafuta zipu na nyuzi. Alivaa gauni la kitenge cha manjano alilolishona mwenyewe, likamkaa vizuri hata wachoma mahindi wakasahau kuyageuza. Yeye hakujali macho ya mtu. Kilichomsimamisha ni picha.

Zilitundikwa kwenye kamba: milima yenye theluji, maporomoko, twiga. Katikati kulikuwa na bonde la Murusagamba alfajiri, ukungu umelala juu ya migomba. Akasikia tena harufu ya shamba la maharage lenye umande, akalikumbuka jaketi la Fabrice mabegani mwake na vicheko vyao walipokipanda kilima kile. Akatabasamu peke yake mbele za watu. Kisha akalitazama lile jiwe kubwa ukingoni, tabasamu likamtoka. Picha hiyo ilipopigwa, yeye ndiye aliyekuwa amekaa juu yake. Sasa jiwe lilikuwa tupu.

"Nani anauza picha hii?"

Aliyekuwa ameinama nyuma ya meza akainuka. Alikuwa Fabrice mwenyewe, mpiga picha aliyehamia Biharamulo akiahidi kupiga simu kila jioni, akapiga miezi michache, kisha kimya mwaka mzima. Shati jeupe, ndevu zimechongwa. Mtu wa kimya cha namna hiyo hana haki ya kupendeza, lakini alipendeza.

"Eusta. Mukunzi wanje."

"Usiniite mpenzi wako. Niko wapi?"

"Si uko hapa mbele yangu?"

"Kwenye picha, Fabrice. Kitenge changu chekundu kiko wapi? Umenifuta kama doa la chai."

Fabrice akainamisha macho. "Mwanzoni niliiuza ukiwemo. Mwenye baa mmoja kule Biharamulo akaitundika ukutani. Siku moja nikaingia, nikakuta walevi wanakunyooshea chupa na kukusema kwa maneno nisiyoweza kuyarudia. Nikainunua tena, nikakutoa kwenye nakala zote. Hata kukupigia nikaona aibu."

Wengine wangelainika hapo. Eustakia alizidi kuwaka, na mimi namuunga mkono.

"Uliponiuza hukuniuliza," alisema taratibu. "Uliponifuta hukuniuliza. Uliponiacha, vilevile. Mimi ni mtu au ni sehemu ya mandhari?"

Akaondoka bila zipu wala nyuzi.

Jioni simu ikaita.

"Bado una hasira?"

"Ninazo, na sijamaliza."

"Nifanye nini, Eusta?"

"Jumapili baada ya misa, njoo Murusagamba. Uje na kamera."

Fabrice alimkuta juu ya kilima, amevaa kile kitenge chekundu. Eustakia akamnyang'anya kamera. "Kaa wewe juu ya jiwe."

Fabrice akakaa, jua likimpiga usoni, magoti ameyabana kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Eustakia akapiga picha bila haraka.

"Nitaitundika dukani, wateja wangu wakuseme wanavyotaka. Ukiniudhi, nakufuta."

Fabrice akacheka. Eustakia alijizuia, akashindwa, akacheka naye.

"Eusta, sitaki kukupoteza tena," alisema Fabrice. "Nimeshaongea na mjomba Nzeyimana. Jumamosi anakuja kwa baba yako kuleta posa."

Kicheko cha Eustakia kikakatika. "Umeshapanga?"

"Ndiyo, na yeye amekubali..."

"Yeye amekubali."

Fabrice alilitazama bonde, akamtazama mwanamke aliyeshika kamera yake, na hatimaye, jamani, akaelewa. Akashuka kwenye jiwe, akatoa simu, akapiga hapohapo.

"Mjomba, shikamoo. Ile safari ya Jumamosi isubiri kwanza. Kuna mtu sijamuuliza."

Akakata simu, akamgeukia. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, bila madoido.

Eustakia alikwenda kukaa juu ya jiwe lake, akakiweka vizuri kitenge magotini, akalitazama bonde kwa muda mrefu. Alimwacha asubiri, maana na yeye alikuwa amesubirishwa.

"Ndiyo," alisema. "Sasa mpigie mjomba."