Siku Niliyohesabiwa Mara Tatu

Asubuhi za masika, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumwaga maji. Paa la bibi lilivuja sehemu saba, na kila sehemu ilikuwa na chombo chake: beseni, ndoo, hata sufuria ya chai. "Mjukuu wangu, tuna bomba ndani ya nyumba kama matajiri," bibi alinitania. Nikikumbuka kicheko chake, natamani nirudi kule, hata kama ni kulowa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili serikali ilipotangaza msaada wa kuezeka nyumba za vijijini. Karani wa kuhesabu watu akaja na daftari lake. Kisimani watu wazima walikuwa wakinong'ona kwamba nyumba yenye watoto wengi ndiyo itakayopewa kwanza. Basi sisi watoto tukaazimana kama vyungu. Bibi alikuwa zahanati, kwa hiyo mimi ndiye niliyejibu kwetu. Kisha nikaruka ua, nikahesabiwa kwa shangazi. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikahesabiwa tena kwa mshona viatu.

Wiki mbili baadaye karani alirudi kubandika tangazo kwenye ukuta wa shule. Mwalimu akatusomea: kijiji ni mahali penye wakazi wasiozidi elfu mbili. Sisi tulikuwa elfu mbili na thelathini. Tumekuwa mji mdogo, na miji haimo katika msaada huo.

"Mji?" bibi alishangaa. "Mji gani huu usio na hata taa moja ya barabarani?" Alicheka, lakini tulipofika nyumbani alisimama akilitazama paa kwa muda mrefu. Roho iliniuma.

Nilirudi mbio shuleni. Karani alikuwa akifunga mkoba wake.

"Shikamoo, mjomba. Mimi nimo mara tatu."

"Marahaba. Umo wapi?"

"Humo daftarini." Nikamweleza yote huku machozi yakinitoka.

Alipitisha kidole kwenye majina, akaguna. "Kumbe ndiyo maana mshona viatu ana watoto tisa na vitanda viwili!" Kisha akakaza uso. "Binti, kiwango sikukiweka mimi. Akizidi hata mtu mmoja, siwezi kufumba macho. Ila nitahesabu upya, mkinipa ukweli."

Kesho yake kila mtoto alisimama kwenye mlango wa kwao. Tulitimia elfu moja mia tisa sitini na mmoja. Mabati yalifika kabla ya masika mengine.

Bibi hakunichapa. Alinikalisha karibu yake. "Wakubwa huko ofisini hawatujui kwa sura, wanatujua kwa hesabu. Ukiichafua hesabu, msaada wako unapotea njia. Halafu mimi sikutaka wajukuu wengi. Ulipokwenda kuwa mtoto wa watu, mimi nilibaki na nani?"

Nilishindwa kumtazama. "Mimi ni wa hapa tu, bibi."

"Basi siku nyingine wakikuuliza," akasema, akinivuta kifuani, "waambie hivyo hivyo."